Wingu na Kichaka

Televisheni ya kwanza niliyowahi kuikalia mbele haikuwa na stesheni hata moja. Ilikuwa ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, imekalishwa juu ya kreti la soda ndani ya kibanda cha miti na turubai pale Lagangabilili. Ukiiwasha bila kuunganisha kitu ilionyesha chenga tu, na mlio kama mvua juu ya bati. Hakuna aliyelalamika. Hatukwenda pale kuangalia taarifa ya habari, tulikwenda kucheza gemu.

Ilikuwa mwaka 2000, nina miaka 11. Wakati huo hakukuwa na Wilaya ya Itilima wala Mkoa wa Simiyu, vyote vilizaliwa mwaka 2012. Sisi tulikuwa Bariadi, na Bariadi ilikuwa Shinyanga. Umeme wa nguzo kwetu ulikuwa habari ya redioni. Televisheni ile ilikula betri ya gari, na gemu lenyewe mwenye kibanda alikuwa ameliunganisha kwenye betri hiyohiyo kwa njia anazozijua yeye. Betri ikianza kuchoka picha ilisinyaa kutoka pembeni, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana hela ilikuwa imeshalipwa.

Bei ilikuwa shilingi 50 kwa maisha matatu ya Mario. Ukifa mara tatu, unaachia pedi, anakaa mwingine. Msimu wa pamba foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu kila mtoto alikuwa na kibarua cha kuchuma na kila mtoto alikuwa na sarafu. Ukipita msimu, tulibaki wachache wa kuchezea na wengi wa kuangalia.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa wa kuangalia. Alinizidi mwaka mmoja lakini tulisoma darasa moja. Hela hakuwa nayo karibu siku zote, kwa hiyo alichuchumaa nyuma yetu, mikono magotini, macho kwenye kioo. Nadhani alilitazama gemu lile mara mia kwa kila mara moja aliyolicheza. Na mtu anayetazama bila kucheza huona mambo. Sisi wenye pedi tuliangalia shimo liko wapi na adui anatokea wapi. Yeye aliangalia kila kitu kingine.

Siku moja akasema, kama mtu anayeongea peke yake: "Lile wingu na kile kichaka ni kitu kimoja."

Tulicheka sana. Aliyekuwa anacheza alikufa kwa kucheka, akamtukana. Wingu liko juu, kichaka kiko chini, we vipi? Binamu hakubishana. Kesho yake alikuja na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji na wembe. Zamu yangu ilipofika akaninong'oneza: "Lile wingu la nundu tatu likitokea, simamisha." Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Akaweka karatasi juu ya kioo, akafuata ukingo wa wingu kwa mkaa, akaikata. Nikaendelea kukimbia na Mario. Kilipotokea kichaka cha nundu tatu akasema tena, simamisha. Akaibandika karatasi yake pale.

Iliingia. Nundu kwa nundu, bonde kwa bonde. Sehemu ya chini tu ya wingu ndiyo iliyozidi, ikashukia kwenye matofali ya barabara, kana kwamba kichaka kile ni wingu lililozama ardhini hadi kiunoni. Kibanda kizima kilinyamaza. Kisha mwenye kibanda akaona mkaa kwenye kioo chake.

Alimtoa kwa kumshika sikio, akampiga marufuku ya wiki nzima. Mimi niliyesimamisha gemu mara mbili, niliyekuwa mshiriki kamili wa kosa lile, sikusema neno. Nilikuwa bado na maisha mawili. Niliyacheza.

*

Miaka kumi baadaye nilikuwa chuo kikuu, Dar es Salaam, nasoma fasihi. Mwenzangu wa chumba alikuwa na kompyuta iliyojaa magemu ya zamani, na usiku mmoja akafungua Mario. Nilitazama kioo kama mtu aliyekutana na ndugu yake akiwa amevaa nguo za harusi. Anga ilikuwa ya buluu! Wingu jeupe, kichaka kijani kibichi. Mimi Mario wangu alikuwa wa kijivu miaka yote ile na sikuwahi kujua ananyimwa kitu.

Nikamwambia: unajua kwamba wingu na kichaka ni kitu kimoja? Yule jamaa alikulia Dar, kwao kulikuwa na televisheni ya rangi, gemu lile amelicheza utoto mzima hadi kulimaliza. Akasimamisha, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Aisee," akasema. "Aisee, kweli." Hakuwahi kuona. Rangi ilimwambia moja ni kichaka na jingine ni wingu, akaamini. Sisi wa televisheni nyeusi na nyeupe hatukuwa na wa kutudanganya.

Nikaanza kusoma habari za mashine zile, na nikakuta kumbe jambo lenyewe lina maelezo yake. Kilichokuwa pale kibandani kilikuwa nakala ya Kichina ya mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983. Wajapani waliiita Famicom, kifupi cha Family Computer, kompyuta ya familia. Kwa hiyo sisi watoto wa Lagangabilili tulikuwa tumeshika kompyuta ya nyumbani bila kujua, wakati shuleni kwetu neno lenyewe lilikuwa msamiati wa mtihani tu.

Kompyuta za nyumbani za miaka ile zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, na kila mtengenezaji alilazimika kuamua ataitumiaje kuchora. Uamuzi huo ndio unaoitwa modi ya picha. Ni kama bajeti ya mwalimu: ukinunua unga, mafuta yanapungua. BBC Micro ya Uingereza, ya mwaka 1981, ilimwachia mtumiaji achague. Modi moja ilimpa nukta 640 kwa 256, mistari myembamba kabisa, lakini rangi mbili tu. Nyingine ilimpa rangi nane, lakini nukta zikapungua hadi 160 kwa 256, nene kama matofali. Zote mbili zilikula kilobaiti 20, katika mashine iliyokuwa na 32 kwa jumla. Vijana wawili, Ian Bell na David Braben, walipotengeneza gemu la Elite mwaka 1984 walikataa kuchagua. Walikigawa kioo: juu, modi ya mistari myembamba kwa ajili ya vyombo vya angani, chini, modi ya rangi kwa ajili ya vipimo vya rubani. Mashine ilibadili modi katikati ya kuchora kila picha, mara hamsini kwa sekunde.

ZX Spectrum ya mwaka 1982 ilikuwa na mapatano yake. Nukta zilikuwa 256 kwa 192, lakini kila kisanduku cha nukta nane kwa nane kiliruhusiwa rangi mbili tu. Mtu akipita mbele ya mti, ama anachukua rangi ya mti, ama mti unachukua rangi yake. Wachezaji wa kule walizoea hivyohivyo.

Mashine hizo hazikutufikia. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyohiyo ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vilipoanza kurusha matangazo. Marufuku ilipokwisha na bidhaa zilipoanza kumiminika, mashine za Waingereza zilikuwa zimezeeka, na kilichokuja kwa bei ya mtu wa kawaida kilikuwa kile kiboksi cha Kichina chenye kaseti iliyoandikwa kwamba ina magemu 9999. Hayakuwa 9999. Yalikuwa machache, yamerudiwarudiwa kwa majina mengine. Hilo pia binamu ndiye aliyeligundua kwanza.

Sasa Nintendo walifanyaje? Hawakuchora kioo nukta kwa nukta. Kioo chao kilikuwa na nukta 256 kwa 240, na kuzihifadhi zote kungetaka kilobaiti 15, wakati kumbukumbu ya picha ilikuwa kilobaiti 2. Kwa hiyo walitumia vigae. Kila kigae ni nukta nane kwa nane, na kioo ni sakafu ya vigae 32 kwa 30. Mchoraji anatengeneza vigae vichache, mashine inavipanga. Na humo ndani ya kigae hamna rangi. Kuna namba tu, sifuri mpaka tatu. Rangi zinakaa pembeni, katika vifurushi, na mashine inaambiwa: eneo hili la vigae lipake kwa kifurushi cha kwanza, lile kwa cha pili.

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa na vigae 256 tu kwa mandhari yake yote: anga, ardhi, milima, mabomba, ngome, maji, herufi na tarakimu. Ukiwa na vigae 256 kwa dunia nzima huwezi kumpa kila mmoja chake. Wakachukua sehemu ya juu ya wingu, wakaishusha ardhini, wakaipaka kijani. Kichaka tayari. Gemu lote liliingia kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya WhatsApp inaweza kulishinda.

Hata Mario mwenyewe alipatikana hivyohivyo. Shigeru Miyamoto alipomchora kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya gemu la Donkey Kong la 1981, alimpa sharubu kwa sababu nukta hazikutosha kuchora mdomo ukaonekana, na kofia ili kukwepa kazi ya kuchora nywele. Tulidhani ni mtu mwenye sharubu. Kumbe ni mtu asiye na nafasi ya mdomo.

*

Hapa ndipo nafika kwenye lile lililonifanya niandike.

Muhula ule tulikuwa na semina ya ngano za Kiafrika. Nilipewa hadithi ya kwetu, ya Shing'weng'we, dude lililomeza watu wote wakabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, mtoto aliyekua na kwenda kuliua dude lile na kuwatoa watu tumboni. Lesotho wana hadithi yao ya Kholumolumo, dude lililomeza watu na mifugo, na mtoto Senkatana aliyewakomboa. Swali la semina lilikuwa: hadithi mbili au moja? Wenzangu walikuja na Vladimir Propp, ambaye mwaka 1928 aliorodhesha vitendo 31 vinavyojirudia katika ngano za Kirusi. Mimi nilikuja na wingu na kichaka.

Nilisimama nikasema kwamba msimuliaji ni kama mashine ile. Ana vigae vichache, na masimulizi mengi ya kujaza. Dude, mama aliyesalia, mtoto wa ajabu, tumbo linalopasuliwa: hivyo ni vigae. Usukuma vinapakwa rangi ya mtama na ng'ombe, Lesotho vinapakwa rangi ya milima. Anayetazama rangi ataapa ni vitu viwili. Mwondolee rangi, umpe televisheni ya betri pale Lagangabilili, ataona ni kitu kimoja. Nikaeleza karatasi ya mfuko wa saruji. Nikaeleza mkaa na wembe. Nundu kwa nundu, bonde kwa bonde.

Darasa lilipenda. Mhadhiri alivua miwani, akaniuliza: "Haya uliyaona mwenyewe, ukiwa mtoto?"

Nikasema: "Ndiyo."

Ndiyo. Neno moja. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko jingine lolote nililowahi kusema darasani. Ningeweza kusema, aliyaona binamu yangu. Isingenipunguzia alama. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu waliosoma shule nzuri, wenye Kiingereza cha kuteleza, na kwa mara ya kwanza Lagangabilili ilikuwa imenipa kitu wasichokuwa nacho. Nikakitaka chote. Nikamtoa binamu kwenye kibanda chake mwenyewe, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumshika sikio isipokuwa mimi.

Yeye wakati huo alikuwa wapi? Mtihani wa darasa la saba tulifanya pamoja. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, jina langu likatoka, lake halikutoka. Alikwenda kuchunga, akaenda ziwani kuvua, akarudi. Sikumwandikia.

Nilipata A. Kisha nikawa mwandishi wa habari. Kazi yangu, ukiitoa mapambo, ni kuuliza watu na kuandika nani kasema nini. Nimewahi kumkemea kijana wa mafunzo kwa kuandika maneno ya mama ntilie kama uchambuzi wake. Nilimkemea kwa sauti, chumba kizima cha habari kikisikia, na nilipokaa chini mikono ilikuwa inatetemeka kidogo. Sikumwambia mtu kwa nini.

*

Mwaka jana nilitumwa Simiyu kuandika habari za pamba. Lagangabilili siku hizi ni makao makuu ya wilaya, kuna ofisi, kuna nguzo za umeme. Kibanda hakipo. Binamu nilimkuta na meza yake ya fundi simu, kioo cha kukuzia jichoni, simu ya mtu imefunguliwa matumbo.

"Mwadila," nikamsalimu.

Hakuinua kichwa. "Mwandishi," akasema. "Umekuja kuandika njaa yetu au pamba yetu?"

"Pamba."

"Afadhali. Kaa hapo, usiguse kitu."

Binamu ni binamu, utani ni haki yake. Tulikaa mpaka jua likapungua makali. Ndipo nikamwambia. Nilieleza yote: semina, miwani ya mhadhiri, ile ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka, na bado maneno yalitoka yamekunjamana.

Akanyamaza. Akaweka bisibisi chini.

"Ulipata ngapi?"

"A."

"Kwa karatasi yangu ya saruji."

"Kwa karatasi yako ya saruji."

Alicheka, lakini haikuwa kicheko kirefu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Mimi ile siku sikumbuki sana habari ya wingu. Nakumbuka natolewa nje, nageuka, naona unaendelea kucheza."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa kosa la chuo kikuu, yeye akanionyesha la kibandani. Kwa miaka yote nimedhani ni makosa mawili. Masala Kulangwa naye, bibi alituambia, alipokuwa akilipasua dude alimkata bibi kizee sikio bila kujua, na watu wakishangilia ukombozi yule bibi alikuwa anadai sikio lake. Ilibidi atafutiwe dawa kwanza.

"Nisamehe," nikasema. "Kwa zote mbili."

"Una hilo gemu humo?" akauliza, akionyesha simu yangu kwa kidevu.

Nilikuwa nalo. Akaichukua, akalitazama kidogo lile anga la buluu, akakunja uso. Akaingia kwenye mipangilio, vidole vyake vinajua njia kuliko vyangu, akazima rangi zote. Simu ikawa ya kijivu. "Sasa ndiyo lenyewe," akasema.

Akachagua wachezaji wawili. Kama umesahau, msomaji: mchezaji wa pili anaitwa Luigi, na katika gemu lile Luigi ni Mario yuleyule, vigae vilevile, amebadilishiwa kifurushi cha rangi. Kwenye televisheni yetu ya betri tofauti yao ilikuwa ndogo tu, mmoja amepauka kuliko mwenzake. Wa pili hachezi mpaka wa kwanza afe.

"Safari hii mimi wa kwanza," akasema. "Wewe kuwa yule aliyepauka."

Alicheza muda mrefu. Mteja mmoja alikuja kuulizia simu yake, akaambiwa asubiri. Nikamuuliza kama naweza kuyaandika haya, niseme wazi ni nani aliyeona.

"Andika," akasema, macho kwenye kioo. "Jina usiweke. Wateja watasema fundi anacheza gemu."

Basi nimeandika. Wingu na kichaka aliviona binamu yangu, mtoto wa shangazi, Lagangabilili, mwaka 2000, akiwa na miaka 12, bila shilingi 50 mfukoni. Mimi nilibonyeza kitufe cha kusimamisha.